Link's Awakening mara tatu: urudie toleo lipi?

Nianze na jibu, kisha nitoe sababu. Kama hujawahi kukanyaga kisiwa cha Koholint, ambako mchezo wa video wa Link's Awakening unafanyika, chukua toleo la 2019 la Switch, mashine ya michezo ya Nintendo. Kama ulikikanyaga ukiwa mtoto na sasa unataka kurudi, chukua DX ya 1998. Toleo la kwanza la 1993 lina watu wake, nitawataja.

The Legend of Zelda: Link's Awakening imetoka mara tatu. Kwanza kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, mwaka 1993, bila rangi. Kisha mwishoni mwa 1998 ikaja DX, iliyopakwa rangi kwa ajili ya Game Boy Color. Mwishowe, Septemba 2019, studio ya Grezzo ikaijenga upya yote kwa ajili ya Switch. Nimezimaliza zote tatu, DX nimeimaliza mara nyingi zaidi, na hivi karibuni nilizicheza zikifuatana, pango kwa pango, ili nisitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu ya utotoni huipendelea sana kaseti ya kwanza ambayo mtu aliishika.

Hadithi haijaguswa. Link, shujaa unayemchezesha, anapigwa na dhoruba baharini, anaamka kisiwani nyumbani kwa mtu aitwaye Tarin, na anayemtazama kitandani ni msichana, Marin. Bundi anamwambia hataondoka kisiwani mpaka amwamshe Samaki wa Upepo, aliyelala ndani ya yai kubwa kileleni mwa mlima. Yai halifunguki bila vyombo vinane vya muziki, na kila chombo kimefichwa kwenye pango lake. Nasema mapango ingawa la saba ni mnara. Binti mfalme Zelda hayumo, na hakuna ufalme wa kuokoa. Mradi wenyewe ulianza pale mtayarishaji programu Kazuaki Morita alipokuwa akijaribu vitu kwenye Game Boy baada ya saa za kazi, wenzake wakavutiwa, na Takashi Tezuka akauongoza. Ndiyo maana kisiwa kimejaa uchangamfu wa watu waliokuwa wakifurahi: kuna mwanasesere wa Yoshi na kuna Kirby anayekumeza ndani ya pango, wote wahusika wa michezo mingine ya Nintendo, kuna mamba anayekusanya vyakula vya makopo. Chini ya furaha hiyo kuna huzuni inayopanda polepole, na sitaieleza hapa kwa heshima ya yeyote atakayeicheza mara ya kwanza.

Ramani nayo ni ileile. Ukiijua ya 1993, unaweza kutembea katika ya 2019 bila kuuliza njia. Basi ukilinganisha matoleo haya, hulinganishi hadithi wala mahali. Unalinganisha mikono. Na mikono inaanza na vitufe.

Vitufe viwili, au sita

Game Boy ilikuwa na vitufe viwili tu vya kutendea kazi, A na B. Katika toleo la 1993 na katika DX, kila ulichonacho ni kifaa cha mfukoni, hata upanga, hata ngao. Unachagua viwili, vingine vinabaki mfukoni. Ukitaka kuruka, unyoya unakaa kwenye kitufe kimoja. Ukitaka kukimbia, viatu vya mbio vinachukua kingine. Ukitaka kuinua jiwe, unabonyeza Start, unafungua mfuko, unaweka bangili, unafunga, unainua, unafungua tena na kurudisha upanga. Katika mchezo mzima utaufungua mfuko huo mara mia kadhaa.

Nionyeshe kwa karibu jambo moja linalowakimbiza wengi. Simama mbele ya jiwe zito bila bangili kitufeni, uliguse tu kwa bahati mbaya. Mchezo unasimama. Kisanduku cha maandishi kinafunguka kukuarifu kuwa jiwe hili ni zito, huliwezi kwa mikono mitupu. Unabonyeza kukifunga. Unajaribu kupita pembeni, bega linaligusa tena, kisanduku kinafunguka tena, na maneno yanatambaa herufi kwa herufi kama mara ya kwanza. Ukiwa unamkimbia adui kwenye uchochoro wenye mawe matatu, utayasoma maneno hayo mara tatu. DX haikurekebisha hili. Ilipaka rangi, ikaacha jiwe na kisanduku chake.

Toleo la 2019 lililimaliza tatizo hilo moja kwa moja. Upanga uko B daima. Ngao iko R. Viatu vya mbio ukishavipata vinakaa L. Bangili inafanya kazi yenyewe unapobonyeza A mbele ya jiwe. X na Y zinabaki kwa vitu vingine: unyoya, upinde, mabomu, ndoano ya mnyororo, unga wa uchawi. Bado utafungua mfuko, hasa kwa sababu unyoya hautaki kutoka kwenye kitufe chake, lakini ni mara chache mno ukilinganisha na zamani. Baada ya saa moja unasahau kabisa kwamba kulikuwa na shida.

Sasa, upande wa pili wa jambo hili, ambao mwanzoni sikuuona. Vitufe viwili vilikulazimisha kuamua. Kabla ya kuingia chumbani ulijiuliza: naingia na upanga na ngao, au upanga na unyoya? Kila chumba kilikuwa na bei yake. Kuna mashimo mapana ambayo huyavuki mpaka ukimbie na kuruka kwa pamoja, viatu kitufe hiki, unyoya kitufe kile. Maana yake ni kwamba ukitua ng'ambo, unatua mikono mitupu. Kama kuna adui pale, sekunde ile kabla ya kufungua mfuko ni ya hofu kabisa. Katika toleo la Switch unatua na upanga tayari mkononi, na shimo lilelile linageuka kuwa shimo tu.

Na kuna ugunduzi. Ukibonyeza upinde na bomu kwa wakati mmoja, mshale unaondoka umebeba bomu. Inawezekana katika matoleo yote. Lakini kwenye Game Boy, kuviweka vyote viwili kulimaanisha umeuacha upanga kwa hiari yako, na mtoto aliyefanya hivyo alikuwa anajaribu jambo kwa makusudi. Mimi nililigundua kwa kukosea, nikakaa nikiutazama ukuta uliolipuka mbali na mimi bila kuamini. Sijawahi kupata furaha ile kwenye Switch, na najua wazi kuwa sababu moja ni kwamba nilishalijua.

Kwa hiyo: asiye na subira na mifuko, 2019. Mwenye subira atalipwa na DX.

Ukingo wa skrini

Kisiwa cha zamani ni mraba wa skrini 16 kwa 16, yaani skrini 256, na unaviona kimoja kimoja. Ukifika ukingoni, picha inateleza na kipande kingine kinaingia. Hujui kilicho mbele mpaka ukivuke. Kila skrini ni kama chumba kilichopangwa na mtu: mti hapa, ngazi pale, shimo katikati, na njia moja ambayo huioni mpaka ukate kichaka fulani. Baada ya muda unazikumbuka skrini kama unavyokumbuka vyumba vya nyumba uliyokulia.

Katika toleo la 2019, huko nje kamera inamfuata Link bila kukata. Kisiwa kimekuwa kitu kimoja, na ni kizuri mno kukitazama. Kila kitu kinang'aa kama mwanasesere wa plastiki, na kingo za juu na chini za picha zina ukungu, kana kwamba umeinama juu ya kisanduku cha vinyago. Ila mafumbo yaliyotegemea ukingo yamepungua nguvu, kwa kuwa unaona kipande cha jirani kabla hujafika. Pia kwenye Switch ya kwanza picha hukwama kwa kitambo unapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine. Haiharibu mchezo, ila utaiona, hasa kijijini Mabe. Mwaka 2025 Nintendo ilitoa sasisho la bure la kuboresha picha kwa wenye Switch 2, hivyo kama unayo, hapo ndipo mahali pake.

Kidogo kwa wanaopenda historia ya makosa: katika ya 1993, ukibonyeza Select kwa wakati sahihi kabisa unapovuka ukingo, Link anatokea upande wa mbali wa skrini inayofuata. Watoto waliruka mito na kuta kwa hila hiyo, na wengine walijifungia mahali pasipo na kutoka. DX iliiziba. Hii ni mojawapo ya sababu chache za kweli za kuitafuta kaseti ya kwanza.

Kilichoongezwa, na kilichopotea

DX ilileta pango moja jipya, la rangi. Mlango wake uko makaburini, na unafunguka ukisukuma mawe ya makaburi kwa mpangilio maalumu unaosomwa katika kitabu maktabani. Ukilimaliza unachagua vazi: jekundu linaongeza nguvu ya upanga, la bluu linapunguza maumivu unayopata. Ushauri wangu ni kulichelewesha pango hilo. Unaweza kuliingia mapema, mara tu unapokuwa na bangili kutoka pango la pili, na ukitoka na vazi la bluu wakati huo, mapango yanayofuata yanakuwa laini kupita kiasi. Kaseti ya DX huingia pia kwenye Game Boy ya zamani na kuchezeka bila rangi, lakini huko pango hili halifunguki.

Nyongeza nyingine ya DX ni panya mpiga picha. Anajitokeza mahali usipotarajia na kukupiga picha katikati ya tukio, jumla picha 12, nazo zinakusanywa kwenye albamu. Wenye printa ndogo ya Game Boy waliweza kuzichapa kwenye karatasi ya joto. Ni jambo dogo lisilobadilisha mchezo hata kidogo, nami nalipenda kuliko pango la rangi, kwa sababu kisiwa hiki kinahusu kumbukumbu na mtu alifikiria kukupa albamu.

Toleo la 2019 lilibakiza pango la rangi na kumwondoa panya. Duka lake la picha limekuwa kibanda cha Dampé, mchimba makaburi, anayekupa kazi ya kupanga vyumba vya mapango uliyokwisha kuyapita ili vifanye pango jipya. Nilijitahidi kulipenda. Unapanga vyumba, unaingia, unakuta ni vyumba vilevile ulivyovitoka, na zawadi ni makombe ya baharini na vipande vya moyo (vya kuongeza uhai) ambavyo unavihitaji ukitaka kumaliza kila kitu. Kama huna nia hiyo, mpite. Hakuna kitu cha hadithi kilichofichwa kwake.

Ukusanyaji wenyewe umepanuka. Vipande vya moyo vilikuwa 12, sasa ni 32. Makombe ya siri yalikuwa 26, na 20 yalitosha kukupa upanga wenye nguvu zaidi. Sasa ni 50, na upanga unadai 40. Kuna pia chupa za kumbebea kizimwi mdogo anayekufufua. Makombe hayanisumbui, kwa kuwa njiani unapewa kifaa kinacholia ukikaribia kombe, na kulisaka ni sababu nzuri ya kutembea tena ufukweni.

Msaada mkubwa zaidi, kwangu, ni ramani. Katika ya 2019 unaweza kubandika alama, na mazungumzo muhimu yanahifadhiwa ili uyasome tena. Kuna mlolongo wa kubadilishana vitu 14, unaoanza na mwanasesere wa Yoshi unayemtoa kwenye mashine ya kunyakulia zawadi kijijini: unampa mtu huyu, anakupa utepe, utepe unampa mwingine, anakupa kopo, na kuendelea kote kisiwani. Ukiucheza DX kwa wiki tatu, nusu saa leo na nusu saa Jumapili, utasahau nani alitaka ndizi. Utajikuta ukizunguka kisiwa ukigonga kila mlango. Zamani tuliandika kwenye karatasi. Mtu mwenye kazi na watoto hana budi kuamua kama ataandika au atachukua toleo linalomwandikia.

Kuhifadhi, na betri iliyonisaliti

Katika ya 1993 na DX unahifadhi kwa kubonyeza vitufe vinne kwa pamoja: A, B, Start na Select. Asiyejua hataligundua kamwe, kwa hiyo nakuambia sasa. Toleo la 2019 linajihifadhi lenyewe.

Kama unafikiria kaseti halisi, soma sehemu hii mara mbili. Kumbukumbu ya mchezo ndani ya kaseti hizi inashikiliwa na betri ndogo ya duara. Betri ikifa, mchezo bado unawaka na kuchezeka, ila ulichohifadhi hakipo tena. Nilinunua kaseti iliyotumika kwa muuzaji aliyenihakikishia betri ilishabadilishwa. Nikafika pango la sita. Asubuhi moja nikawasha, nafasi zote tatu za majina zilikuwa tupu, na jina langu nililoliandika juu ya nafasi ya kwanza lilikuwa limefutika. Nilipofungua kaseti, betri ilikuwa na kutu pembeni. Kuibadilisha kunahitaji kuchomelea kwa risasi, na kwa kawaida kazi hiyo yenyewe hufuta kilichobaki. Basi ukinunua kaseti, badilisha betri kabla ya kuanza, sio baada.

Njia rahisi ya kuicheza DX leo ni huduma ya kulipia ya Nintendo Switch Online, ambako imekuwepo tangu Februari 2023. Huko unaweza kuhifadhi popote na hata kurudisha muda nyuma ukikosea. Ukiacha kulipia, huichezi tena, hilo lizingatie. Aliyeinunua kwenye 3DS, mashine nyingine ya mkononi ya Nintendo, kabla duka lake halijafungwa Machi 2023 bado anayo mikononi, na kwenye skrini ile ndogo inapendeza sana.

Na ya 1993? Iko ndani ya kile kifaa kidogo cha Game & Watch cha Zelda kilichotoka Novemba 2021, pamoja na Zelda mbili za kwanza. Skrini yake ina mwanga, tofauti na Game Boy yenyewe ambayo ilikulazimisha kukaa chini ya taa. Naipendekeza kwa watu wa aina mbili tu: anayetaka kuona jinsi mchezo mkubwa hivi ulivyobanwa ndani ya vivuli vinne, na yule ambaye kaseti yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya kijivu. Wengine wote, DX inawapa kila kitu kilichomo isipokuwa ile hila ya Select.

Muziki unastahili neno moja. Matoleo ya zamani yanaimba kwa sauti nne za Game Boy, kali na za wazi, na wimbo wa Samaki wa Upepo kwa sauti hizo unatoboa moyo. Ya 2019 ina ala halisi, na wimbo uleule unakuja laini zaidi. Sijaweza kuchagua, na sidhani hili liamue ununuzi wako.

Kama ningekuwa wewe

Anayeanza, ambaye hajazoea michezo ya zamani, akipewa DX ataiacha kabla ya pango la tatu kwa sababu ya mifuko na mawe, na atakuwa amekosa hadithi nzuri mno kwa kosa lisilo lake. Mpe ya 2019. Mwanao akikuona unaicheza sebuleni na kukaa karibu, hata zaidi: picha yake inamkaribisha mtoto, na akifa pangoni hapotezi sana.

Anayerudi asiogope vitufe viwili. Mikono inakumbuka. Kwangu ilichukua takriban robo saa, nikawa nabadilisha upanga na unyoya bila kutazama. Ila ukitumia huduma ya Switch, jizuie kurudisha muda nyuma. Anayemaliza bila kufa hata mara moja huonyeshwa kitu kidogo cha ziada mwishoni, na kukipata kwa kufuta makosa yako ni kujinyima. Ukipenda ugumu, ya 2019 ina hali ya shujaa ambamo mioyo haidondoki kwa maadui na kila pigo linauma maradufu, na hiyo ni ngumu kuliko chochote katika DX.

Toleo lolote utakaloshika, kuna saa moja ambayo nakuomba usiiharakishe. Karibu na katikati ya mchezo unamkuta Marin ufukweni, mnatazama bahari, anakuambia angependa kuwa nini kama asingekuwa yeye, kisha anakufuata. Unamhitaji aimbe ili mnyama mkubwa aliyelala na kuziba njia ya jangwani aondoke. Ramani ya 2019 itakuvuta uende moja kwa moja, na hata DX njia ni fupi. Usiende. Rudi naye kijijini kwanza. Mpige kuku akiwa kando yako, usikie atakachosema. Vunja vyungu kwenye nyumba ya mtu. Ingia naye kwenye mashine ya zawadi, uone anavyoshindwa kujizuia. Ruka kisimani, ukae chini kidogo bila kusogea, na umsubiri akuangukie.